Nduma za Cucu na Miguu Yangu

Ukimaliza kusoma haya utaniona mjinga. Ni sawa. Watu wa Kianjokoma waliniona mjinga bila hata kusoma, waliona kwa macho, mchana, jua likiwaka, na wengine walienda kuitana ili wasikose. Naandika tu kwa sababu kila mtu aliyekuwa sokoni siku hiyo anasimulia vile anavyotaka, na kuna mmoja kule Runyenjes anasema nilikufa. Sikufa.

Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Waingereza. Tulikuwa tumetolewa mashambani tukarundikwa kijijini, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, handaki kubwa kuzunguka, ndani ya handaki miti iliyochongwa ncha, na lango moja. Kutoka unaonyesha pasi. Kurudi unaonyesha pasi. Msitu wenyewe, walikojificha wapiganaji, uko pale juu tu, unauona ukipiga mwayo. Watu walikuwa na mambo mengi ya kulilia siku hizo. Mimi, nitasema ukweli hata kama ni aibu, kitu nilichokililia zaidi soko lilipofungwa ilikuwa mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa.

Basi soko likafunguliwa tena, siku moja kwa wiki, asubuhi mpaka saa nane, pale mbele ya lango. Watu watano tu ndio waliruhusiwa kuuza chakula kilichopikwa. Watano, na mimi niliwajua wote vile watoto wa misheni wanavyojua amri kumi.

Ukiingia unakutana na mama wa uji. Uji wake ulikaa kwenye kibuyu siku nne ukichacha, na ukinywa jicho moja linajifunga lenyewe. Hakuna kitu unaweza kufanya. Unaona wanaume wazima wamesimama mstari, kila mmoja amefunga jicho la kushoto, kama watu wanalenga shabaha.

Halafu jamaa wa mutura, mwenye kisu kirefu na maneno mafupi. Anakata kipande juu ya ubao, anatia chumvi kwa vidole vitatu, anakuambia, "Kula." Ukilalamika ni kidogo, anakikata katikati, anakuambia, "Sasa ni viwili."

Mama wa mukimo aliponda viazi na mahindi, akaweka majani ya malenge mengi mpaka mukimo ukawa kijani kama koti la askari. Yeye alikuwa mtu wa amani, sina neno juu yake.

Wa nne alikuwa mzee Mwislamu wa Embu mjini, aliyepewa ruhusa kupanda na lori la nyama kila siku ya soko kuja kukaanga sambusa. Kofia nyeupe, kanzu hata tope la kwetu liliogopa kuigusa, na Kiswahili kilichonyooka mpaka sisi tukiongea mbele yake tunajisikia tumevaa shati upande wa ndani nje. Sambusa zake zilikuwa nyembamba, zinalia ukiuma. Nyama ilikuwa kidogo, lakini kitunguu na pilipili zilifanya kazi ya nyama.

Mwisho kabisa, karibu na lango, alikaa cucu wa nduma, mizizi ambayo kwingine wanaiita magimbi.

Cucu ni nyanya, lakini huyu hakuwa cucu yangu wa kuzaliwa, alikuwa cucu wa kila mtu. Alikuwa mdogo, mgongo umekunjika, mikono kama mizizi ya kitu alichokuwa anauza. Nduma zake alizichemsha na ganda lake, maji kidogo tu, juu amefunika majani ya ndizi, na juu ya majani jiwe. Maji yakiisha anaacha chungu kwenye majivu ya moto mpaka nduma zikauke zenyewe. Nduma za watu wengine ukishika zinakuachia utelezi mkononi. Za cucu ukizigonga kwa kidole zinasema ko, ko. Na kweli alizigonga. Mteja akifika, kabla ya salamu, cucu anachukua nduma, anaigonga mara tatu karibu na sikio la mtu, ko, ko, ko, ndipo anaanza kuuza.

Nduma hizo alizichimba chini kwa kijito, nje ya kijiji, na kwa sababu alikuwa na kibanda sokoni alipewa pasi ya kwenda huko mara mbili kwa wiki. Hiyo pasi ilikuwa ndiyo maisha yake. Mtoto wake wa kiume alikuwa kizuizini, mke wa mtoto alikuwa amekufa na homa mwaka wa kwanza wa kijiji, na kwenye nyumba yake kulikuwa na wajukuu watatu. Zile nduma ambazo hazikuuzwa, hao watatu walikula. Kuna nyumba kwenye mstari wetu watoto walikuwa wamevimba miguu kwa njaa. Kwa cucu hawakuvimba. Pasi aliiweka ndani ya kopo la ugoro, na kopo aliliweka ndani ya nguo, mahali ambapo hata homugadi, askari wa kulinda kijiji, hawezi kutia mkono.

Sasa nikuambie vile niliharibu.

Siku moja ya soko akaja Bwana Dio, yule mzungu kijana aliyekuwa anatutawala, pua imeungua na jua inabambuka kama kitunguu. Akapanda juu ya sanduku la sabuni. Alijua Kiswahili cha kitabu.

"Chakula kinapita lango hili," akasema, "kinaenda msituni kwa maadui. Nataka kujua ni chakula gani."

Watu wote kimya. Ulikuwa ukimya ule wa siku hizo, kila mtu anaangalia vidole vyake vya miguu kama ndiyo mara ya kwanza kuviona. Na mimi sijawahi kuweza kunyamaza mahali watu wamenyamaza. Ni ugonjwa. Shuleni nilifika darasa la nne, na nadhani viboko vyote vya darasa la tano nilipewa mapema kwa sababu ya huo ugonjwa.

Nikasema, "Bwana, uji hauna miguu! Labda nduma za cucu. Hizo zinaweza kutembea mpaka Meru na zirudi jioni."

Watu wakacheka. Walicheka sana, maskini, walikuwa hawajacheka tangu mvua. Cucu hakujua Kiswahili, alijua maneno mawili tu, "pasi" na "ngoja", basi akauliza jirani nimesema nini. Jirani akamtafsiria. Cucu akafurahi! Akasimama akachukua nduma, akaigonga mbele ya Bwana Dio, ko, ko, ko, akasema kwa Kiembu, "Mwambieni hata kupita Meru! Mpaka Timau kwenye baridi!"

Bwana Dio hakucheka. Alitoa kitabu kidogo mfukoni akaandika. Akaniita.

"Wewe unajua chakula chenye miguu?"

"Hapana, Bwana, nilikuwa natania tu."

"Sokoni wiki ijayo tutapima kila chakula. Kinachoweza kutembea, mwenye kukiuza atarudisha pasi yake. Kisichoweza kutembea kitabaki." Akaangalia miguu yangu, mirefu, myembamba, bila viatu. "Na wewe utakuwa miguu."

Hediman wetu, mkubwa wa mahomugadi, akasema, "Ndiyo, Bwana," kama mtu aliyeagizwa kuleta kuni.

Nilienda kwa cucu siku ya kuamkia soko, saa kumi ya mchana, kabla ya filimbi ya kufungia watu. Nilimkuta anaosha nduma ndani ya karai, wajukuu wamemzunguka.

"Cucu," nikasema, "ule mzaha wangu umekuwa mbaya."

"Nimesikia. Kesho wanapima."

"Wakiona nduma zako ni ngumu wanachukua pasi."

"Hilo pia nimesikia. Masikio yangu hayajazeeka, ni mgongo."

"Basi leo zipike vibaya. Weka maji mengi, chemsha mpaka zivunjike. Nikizitia mfukoni ziwe uji. Bwana Dio ataona hazitembei."

Aliacha kuosha. Aliniangalia vile unaangalia mtu aliyekuja kwako akakuambia uende kanisani uchi.

"Nduma za maji maji?"

"Siku moja tu, cucu."

"Mbele ya soko lote?"

"Ni kwa ajili ya pasi!"

"Mama wa uji atasema nini? Yule wa mukimo atasema nini? Yule Mwislamu, anayetoka mbali, ambaye kila wiki anakula nduma yangu moja na ananishukuru kwa lugha yake? Mimi nimepika nduma tangu kabla baba yako hajatahiriwa, na hakuna mtu amewahi kulamba vidole baada ya kushika nduma yangu. Niende kesho nikauze matope?"

"Watakunyang'anya pasi, cucu."

Mkono wake ulienda kifuani pale kopo lilipo. Mjukuu mdogo, kama miaka minne hivi, alikuwa anakula ganda la nduma lililobaki, analitafuna pole pole kama mtu mzima.

"Nitazipika vile nazipika," akasema. "Wewe ndiye ulizipa miguu. Tafuta vile utaziondolea."

Nikatoka hapo na mpango. Nilikuwa na mpango mzuri sana. Nataka ujue hivyo kabla hujasoma mbele.

Kesho yake soko lilijaa kuliko siku ya Krismasi. Hata watu wasio na kitu cha kununua walikuja. Hediman aliniletea koti la jeshi, kubwa, zito, mifuko kama magunia. Bwana Dio akaeleza sheria: chakula kinawekwa mfukoni, mimi nakimbia kutoka kibandani mpaka lango, nazunguka kibanda cha mlinzi kilicho nje ya lango, narudi. Kikifika kikiwa bado ni chakula, kinatembea. Alikuwa na saa mkononi, ingawa hakueleza saa ni ya nini.

"Tunaanza na uji," akasema.

Nikamwambia, "Bwana, uji unabebwa na kibuyu."

"Sheria ni moja kwa vyakula vyote. Mfukoni."

Mama wa uji aliniangalia na huruma, halafu akainamisha kibuyu akamimina. Uji wa siku nne, wa baridi, ndani ya mfuko wa kulia. Nikakimbia. Nilipofika langoni uji ulikuwa umefika gotini. Niliporudi, ulikuwa umefika mahali pote. Bwana Dio akachungulia mfukoni, akaandika, akasoma kwa sauti: "Uji. Hautembei." Mama wa uji akapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka.

Mutura. Huo nilikuwa na hofu nao, maana mutura ni kama kamba, unaweza kumfunga mtu. Jamaa alinipa mzima, mrefu kama mkono, akasema, "Shika." Nikautia mfuko wa kushoto, nusu unaning'inia nje. Lakini sasa mimi nilikuwa nanuka uji, na uji ulikuwa umeita mbwa. Mbwa watatu wa hediman walinifuata wakilamba miguu, na tulipofika nyuma ya kibanda cha mlinzi wakagundua kuna kitu bora kuliko uji. Nilirudi na kipande cha kamba kilichofungia mutura.

"Uko wapi?" akauliza Bwana Dio.

"Umeenda na mbwa, Bwana."

Kukawa na kesi. Hediman akasema mutura umetembea, tena mbali, mbwa hao sasa wako karibu na mto. Bwana Dio akasema hapana, umetembea lakini haukurudi, na sheria inasema kurudi. Wakabishana juu ya mutura kama mahakama. Mwishoni ikaandikwa: "Mutura. Hautembei." Jamaa wa mutura akasema, "Vizuri." Hilo ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

Mukimo ulitoka mfukoni ukiwa na umbo la mfuko, na kifungo kimoja cha koti kiko ndani. Bwana Dio alijaribu kula kidogo, akakutana na kifungo. Haukutembea.

Mzee wa sambusa aliniwekea tatu, mwenyewe, kwa vidole viwili, akaninong'onezea, "Kijana wangu, kimbia kwa moyo wote. Ruka kila shimo." Nikaruka hata mashimo yasiyokuwepo. Nilirudisha unga.

"Alhamdulillahi," mzee akasema, akiangalia sambusa zake zilizokufa kama mtu anayeangalia mtoto aliyefaulu mtihani.

Akabaki cucu.

Bwana Dio alichagua nduma mwenyewe. Alichagua mbili, kubwa, kila moja kama ngumi ya mtu wa kupasua mawe. Alizigonga. Ko, ko. Soko zima lilisikia, na soko zima likatoa pumzi. Cucu alikuwa ameketi wima mbele ya chungu chake, mkono kifuani juu ya kopo.

Mpango wangu ulikuwa huu: nyuma ya kibanda cha mlinzi hakuna mtu anakuona. Hapo nazila. Zote mbili. Narudi mifuko mitupu, nasema zimevunjika zikamwagika njiani kama sambusa. Nani atabisha? Kula mimi najua. Kama kuna kitu Mungu alinipa, ni hicho.

Mtu yeyote wa Embu anayesoma hapa tayari ameweka mkono kichwani. Kwa wewe ambaye si wa Embu, nieleze. Nduma kavu hailiwi bila chai. Haijawahi. Mtoto anajua, mgonjwa anajua. Unauma kidogo, unapiga funda la chai, unauma kidogo. Nduma inakunywa mate yako yote mara moja kama udongo wa kiangazi, halafu inavimba. Hiyo ndiyo sifa ya nduma nzuri, na za cucu zilikuwa nzuri kuliko zote kutoka hapa mpaka mlimani. Mimi nilijua hayo vile najua jina langu. Lakini nilikuwa na haraka, na nilikuwa na mpango.

Nyuma ya kibanda nikatia ya kwanza mdomoni. Nusu ikaenda, machozi yakatoka. Nikaisukuma na nusu ya pili. Nikahesabu muda, nikaona nachelewa, nikaisukuma nusu ya pili na nduma ya pili, nzima.

Ikakaa.

Haikupanda, haikushuka. Nikajaribu kuvuta pumzi, hakuna mlango. Nikatokea upande wa pili wa kibanda nikikimbia, mashavu yamejaa, macho yametoka nje, koti la jeshi limejaa uji na mukimo, na mbwa mmoja aliyerudi kuangalia kama kuna mutura mwingine. Wanasema watoto walilia. Nilifika mbele ya Bwana Dio nikapiga magoti, nikaonyesha kwa mikono mifuko mitupu, maana bado nilikuwa kwenye mpango.

"Ziko wapi nduma?"

Nikaonyesha mifuko.

"Mbona anakuwa rangi hiyo?"

Hediman akapiga kelele, "Sumu! Bwana, bibi amemtilia sumu!"

Mahomugadi wawili wakamrukia cucu, mmoja mkono huu, mwingine ule. Bwana Dio akafungua mfuko wa bastola. Mimi nataka kusema hapana, si sumu, ni ujinga, lakini maneno yanapita wapi? Niliona kila kitu kinaanza kuwa cheusi pembeni, na katikati ya hicho cheusi nikamwona cucu anavutwa, na kopo la ugoro limeanguka chini kwenye vumbi.

Sijui yule mwanamke alipata wapi nguvu. Aliwatikisa wale wawili kama mtu anavua shuka, akaja nyuma yangu, akanipiga katikati ya mabega kwa ile mikono ya kuchimba. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu nduma ikatoka.

Ilitoka nzima. Iliruka, ikagonga kiatu cha Bwana Dio, ikasema ko, ikabingirika, ikasimama.

Soko lote likaangalia nduma.

Cucu akainama, akaiokota, akaifuta na nguo yake, akaigeuza huku na huku akitafuta ufa. Hakukuwa na ufa. Akaigonga kwa kidole na akainua uso, na naapa, pamoja na bastola na mahomugadi na kila kitu, uso wake ulikuwa na furaha. "Nilisema," akasema kwa Kiembu. "Haivunjiki." Hiyo hata haikuhitaji kutafsiriwa.

"Bwana," hediman akasema, "hiyo inatembea. Imetembea mpaka kooni na imerudi."

Bwana Dio alikuwa ananipa chai. Alikuwa na thamosi yake ndogo begani, akanimiminia kwenye kifuniko, na nilipokunywa ile nusu nyingine ikashuka, nikasikia pumzi inaingia mpaka kwenye magoti. Kisha akafungua kitabu. Akanyoosha mkono kwa cucu bila kumwangalia.

"Pasi," akasema.

Hilo neno cucu alilijua. Aliokota kopo lake vumbini, akalifungua, akapuliza ugoro kutoka kwa ile karatasi. Hakuitoa. Akanigeukia.

"Mwambie kitu," akasema.

Lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha. Ilitoka kama upepo mlangoni. Mzee wa sambusa akaja akachuchumaa karibu nami na kanzu yake nyeupe, kwenye vumbi, akaweka sikio mdomoni mwangu. Basi ikawa hivi: cucu anasema kwa Kiembu, mimi nanong'ona kwa Kiswahili changu kibovu, na mzee anasimama na kukitangaza kikiwa kimepigwa pasi.

"Mama huyu anasema," mzee akatangaza, "kijana huyu ana meno yote, na shingo kama ya ndama. Nduma imemshika akiwa bado analiona lango. Je, Bwana, angefika msituni?"

Bwana Dio akaacha kuandika.

"Anasema, aliyemwokoa si daktari. Ni chai yako wewe, Bwana. Nduma hii bila chai haimpeleki mtu popote isipokuwa kaburini."

"Lakini mtu anaweza kubeba chai," akasema Bwana Dio.

Nikamnong'onezea cucu kwa Kiembu. Akacheka kidogo, kicheko cha pua. Akanyoosha kidole kwa koti langu, kwa ule mfuko wa kulia uliokuwa bado unadondoka. Akasema maneno machache tu.

"Anasema," mzee akatangaza, na hapo sauti yake ilitetemeka kidogo, nadhani alikuwa anajizuia kucheka, "kitu cha majimaji hakitembei. Anasema Bwana mwenyewe ameandika."

Bwana Dio akafungua ukurasa wa nyuma. Akasoma. Nilimwona akisoma, midomo inatembea: uji, hautembei. Alikaa na hiyo sheria yake kwa muda mrefu, pua inabambuka. Hediman alitaka kusema kitu, Bwana Dio akamwinulia kidole. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna mtu alitegemea. Alichukua nduma nyingine kutoka chunguni, akaimenya vibaya kama mzungu, akauma kidogo sana, akangoja, macho yakamtoka, akakimbilia thamosi. Akauma tena, akanywa tena. Alimaliza nduma nzima namna hiyo mbele ya soko lote lililosimama, na chai ikaisha kabla nduma haijaisha, na tuliona alivyohangaika na kile kipande cha mwisho.

Akaandika. Akasoma kwa sauti ya kukauka: "Nduma. Hazitembei bila chai. Chai haitembei."

Cucu akarudisha karatasi yake ndani ya kopo, kopo ndani ya nguo.

Nitasema jambo moja ambalo kila mtu sokoni alijua na hakuna aliyemwambia Bwana Dio. Watu wa msituni hawakuhitaji nduma ipite lango. Kijito kiko nje ya handaki. Mtu mwenye njaa angeenda akachimba yake. Tulikaa siku nzima tukipima mifuko yangu, na nduma zenyewe zimesimama kule chini ndani ya maji, majani makubwa yakipungia kila mtu.

Wiki iliyofuata koo lilikuwa limepona, na mdomo pia, kwa bahati mbaya. Nilizunguka soko nikijisifu. Nilimwambia mama wa mukimo bila mimi cucu angekuwa amepoteza pasi. Nilimwambia jamaa wa mutura nilijikaba kwa makusudi, ilikuwa ni akili. Akanikatia kipande, akakiangalia, akakikata katikati.

Halafu nikafika mwisho, karibu na lango, kwa cucu. Mjukuu yule mdogo alikuwa ameketi kando ya chungu na shavu limejaa. Sikujisifu hapo. Nilisema, "Cucu, ule mzaha wa miguu, nisamehe." Alimimina chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akaniwekea mkononi kwanza, kabla ya nduma. Alingoja mpaka nikanywa funda. Ndipo akachukua nduma, ndogo, akaimenya yeye mwenyewe, akaikata vipande vidogo vidogo kama vya mtoto asiye na meno, akanipa kimoja.

"Siku nyingine ukitaka kunisaidia," akasema, "tafuna."